Ukiulizwa Umri Dukani: Somo kwa Mtumiaji Aliye Mtu Mzima



Somo hili tunalianza kwa kisa cha mmoja wetu, naye ametupa ruhusa ya kukisimulia kwa sharti la kutotajwa jina. Tulikuwa Kabanga, wilayani Kasulu, kwa kazi ya kutoa elimu kwa watumiaji siku ya gulio. Jioni tulialikwa chakula nyumbani kwa mzee mmoja mwenyeji wetu. Mwenzetu huyo, mwenye miaka 28, shahada moja na umbo dogo, aliona si uungwana kwenda mikono mitupu. Akapita dukani, akaomba chupa moja ya mvinyo. Mwenye duka, mama wa makamo, aliitikia shikamoo yake, akamtazama tangu kichwani hadi kwenye viatu, kisha akasema, "Mwanangu, wewe umefikisha miaka kumi na minane kweli? Hebu nione kitambulisho."

Mwenzetu alikasirika. Nyuma yake walisimama vijana wawili waliokuwa wakisubiri kununua sigara, nao wakacheka. Kitambulisho alikuwa amekiacha nyumba ya wageni. Akamweleza mama yule kwamba yeye ni mtumishi wa umma na amekuja kwa kazi. "Na wanafunzi wa chuo nao huniambia hivyo hivyo, baba," akajibiwa kwa upole, na chupa ikarudi kwenye rafu. Tulikwenda kwa mzee na sukari kilo mbili. Huko tukafahamu kuwa mzee hajaonja pombe tangu alipookoka, hivyo mama yule alituepusha na aibu nyingine kubwa zaidi.

Njiani tulijadiliana sana. Je, mama alikuwa na haki ya kuuliza? Mwenzetu alilazimika kujibu? Na kama mama angeomba kuandika namba ya kitambulisho katika daftari lake, au kama duka lile lingekuwa kibanda cha wakala wa simu na akaombwa aweke kidole kwenye mashine, jibu lingekuwa lile lile? Tuligundua kwamba hata sisi, ambao kazi yetu ni kuyajua mambo haya, tulikuwa tunayachanganya. Ndiyo sababu ya somo hili.

Anayelindwa si wewe, na anayeshtakiwa si wewe

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria hiyo inawakataza wenye baa na kumbi za starehe kumruhusu mtoto kuingia humo, na inawakataza kumuuzia sigara, pombe na vileo vingine. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 nayo inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri huo. Michezo ya kubahatisha, iwe ni kibanda cha kubeti au ile mashine ya sarafu ambayo vijana huiita dubwi, inasimamiwa chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na mtoto haruhusiwi kucheza.

Katika makatazo yote haya, wajibu umewekwa mabegani mwa muuzaji. Mtoto akiuziwa, atakayesimama mbele ya hakimu ni mwenye duka. Sasa mtu aliyekatazwa kumuuzia mtoto, na ambaye hana njia ya kujua nani mtoto ila macho yake, afanye nini? Macho hudanganya. Kuna kijana wa miaka 16 mwenye ndevu na sauti nzito kuliko baba yake, na kuna mwalimu wa miaka 30 ambaye kila mwaka wageni wa shule humdhania kuwa ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwenye duka anayeuliza anajikinga, na kinga yake ni pamoja na kuwauliza baadhi ya watu wazima wasiostahili kuulizwa. Hakuna namna ya kumkamata mtoto mwenye umbo kubwa bila kumgusa mtu mzima mwenye umbo dogo.

Nchi nyingine zimelikubali jambo hili waziwazi. Nchini Uingereza maduka mengi hufuata utaratibu wa kumtaka kitambulisho kila mnunuzi wa pombe anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, ingawa umri wa kisheria wa kununua ni miaka 18. Ile miaka saba ya ziada imewekwa makusudi kwa ajili ya makosa ya macho. Marekani, ambako umri wa kununua pombe ni miaka 21, watu wenye mvi za kwanza huombwa kitambulisho na wengine huchukulia kuwa ni sifa. Kwetu hatujazoea. Tumelelewa kwamba mtu mzima haulizwi umri, na kwamba swali hilo likitoka kinywani mwa mdogo ni utovu wa adabu. Kwa hiyo linapoulizwa dukani, mbele za watu, hutusikika kama tusi.

Tunaelewa hisia hiyo. Lakini kumbuka tulikotoka. Kwa miaka mingi pombe kali ziliuzwa katika vifuko vidogo vya plastiki, vile viroba, kwa bei ambayo mtoto wa shule aliweza kuilipa kwa pesa ya kununulia daftari. Kiroba kilitosha mfukoni mwa sare, na muuzaji hakuuliza chochote. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na urahisi wa watoto kuvipata ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Vifuko viliondoka, ila tabia ya kutouliza haikuondoka navyo. Mama wa Kabanga ni mmoja wa wachache walioiacha, na sisi tuliondoka dukani kwake tumenuna.

Hapa tuongeze neno kwa wazazi. Katika vijiji vyetu mtoto hutumwa dukani: nenda kanunulie baba sigara, nenda kachukue bia mbili za mgeni. Mwenye duka anajua kabisa kwamba mtoto ametumwa, naye huuza kwa sababu kumkatalia ni kama kumkatalia baba. Kesho mtoto yule yule huja kwa hiari yake na kusema ametumwa. Tafadhali nenda mwenyewe. Ukimtuma mtoto, unamweka jirani yako kati ya undugu na sheria.

Maombi matatu yanayofanana kwa sura

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mtu anaposema "nipe kitambulisho" anaweza kuwa anaomba mambo matatu yaliyo mbali sana: kukitazama, kukinakili, au kuchukua alama ya kidole chako. Watumiaji wengi huyatendea yote kwa namna moja. Wengine hukataa lile lisilo na hatari kwa sababu ya kiburi, na wengine hukubali lile lenye hatari kwa sababu ya haraka.

Kutazama ni kutazama. Muuza pombe au sigara anahitaji kujua jambo moja tu, kwamba umetimiza miaka 18. Kwa hilo anatosheka kuona picha yako na tarehe yako ya kuzaliwa, kisha anakurudishia kadi. Shughuli hii ni ya nusu dakika na haikupunguzii kitu. Unaweza kukataa, naye anaweza kukataa kukuuzia, mkaagana kwa amani. Hakuna sheria tunayoifahamu inayomlazimisha kukuuzia chupa ilhali ana shaka ya kweli.

Kunakili ni jambo jingine. Duka la bidhaa za kawaida halina sababu ya kuandika namba ya kitambulisho chako kwenye daftari au kukipiga picha kwa simu ya mwenye duka ili tu kuhakikisha umri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imejengwa juu ya kanuni nyepesi kueleweka: anayekusanya taarifa zako akusanye zile tu anazozihitaji kwa shughuli husika, na akuambie ni za nini. Umri huthibitishwa kwa jicho, na daftari halihitajiki. Ukiombwa kuandikiwa, uliza kwa adabu, "Mama, namba hii unaiandika ya nini?" Asipokuwa na jibu linaloeleweka, una haki ya kurudisha kadi mfukoni.

Yapo pia maduka yanayobaki na kadi yenyewe, mathalani kuwa dhamana ya kreti la chupa au ya deni dogo. Usikubali. Tumekutana na watu waliokosa huduma kwa majuma kadhaa kwa sababu kadi imefungiwa kabatini mwa mtu aliyesafiri kwenda Kibondo.

Ama alama ya kidole, hiyo haihusiani kabisa na kununua chupa, sigara au tiketi ya kubeti dukani. Mtu akikutaka uweke kidole kwenye kifaa ili athibitishe umri wako, ondoka. Mahali pa kawaida ambapo kidole chako kina kazi halali katika biashara ndogo ni kwa wakala wa simu anayesajili laini, na huko nako kuna mambo ya kuangalia, kama tutakavyoona.

Kabla ya hapo tutofautishe swali moja lenye sura hiyo hiyo lakini nia njema tupu. Katika duka la dawa muhimu, mhudumu akikuuliza umri wako au wa mgonjwa uliyemwacha nyumbani, anatafuta kipimo sahihi cha dawa. Hahitaji kitambulisho, anahitaji ukweli. Mjibu bila kupunguza wala kuongeza, hasa ukiwa unamnunulia mtoto au mzee.

Umri ulioandikwa ndani ya namba

Wengi hawajui kwamba namba ya Kitambulisho cha Taifa inasema umri wa mwenyewe. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Namba inayoanza na 19970614 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1997. Hivyo unapomsomea mtu namba yako kwa sauti mbele ya foleni, umewatangazia wote siku uliyozaliwa, na umempa kila mwenye kalamu funguo ya kwanza ya mlango wako. Namba ile ndiyo inayofungua usajili wa laini, na laini ndiyo inayobeba pesa yako. Mwoneshe anayehusika kwa kumnyooshea kadi, au andika mwenyewe kwenye karatasi kisha uichukue.

Faida yake ni kwamba yule ambaye amepewa namba lakini bado hajapata kadi, nao ni wengi, anayo tarehe yake. Hata hivyo namba bila picha haithibitishi kwamba wewe ndiye mwenyewe. Muuzaji mwangalifu ana haki ya kutokuridhika nayo, kama asivyoridhika na cheti cha kuzaliwa peke yake, kwa kuwa cheti nacho hakina picha. Mwenzetu angekuwa na leseni ya udereva au pasipoti ingetosha, kwa sababu zote zina picha na tarehe.

Na kadi ya mpiga kura? Hii inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu mkoani Kigoma ndiko uboreshaji wa daftari la kudumu ulikozinduliwa, tarehe 20 Julai 2024, na vijana wengi wa Kasulu na Kibondo wanayo. Katika uboreshaji ule waliandikishwa pia wale ambao wangetimiza miaka 18 kufikia siku ya Uchaguzi Mkuu wa 2025. Kwa hiyo mwaka ule kadi yenyewe haikuwa ushahidi kwamba mwenye nayo ameshatimiza umri. Ilibidi tarehe isomwe. Tunalitaja ili wauzaji wanaosoma kijitabu hiki waisome tarehe, wasiishie kuiona rangi ya kadi.

Pale uthibitisho unapogeuka kuwa fedha

Kwa mnunuzi wa mvinyo, kukosa kitambulisho humgharimu chupa moja. Kwa wakala wa simu gharama ni kubwa, na hapa tunaomba usome polepole.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini tarehe 1 Mei 2019. Muda wa kusajili upya laini za zamani uliwekwa hadi tarehe 31 Desemba 2019, ukaongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo raia husajili kwa namba ya Kitambulisho cha Taifa na kidole chake. Aliye chini ya miaka 18 husajiliwa na mzazi au mlezi. Wageni na wakimbizi, kama wale wa kambi ya Nyarugusu, wana utaratibu wao wa nyaraka.

Maana yake ni kwamba kitambulisho kilekile kinachothibitisha kuwa wewe ni mtu mzima ndicho kinachokufanya uwe mmiliki wa namba yako ya simu mbele ya sheria. Asiye nacho, hata awe na miaka arobaini, kwa wakala amesimama mahali pa mtoto: lazima amtafute mtu mwingine amsajilie. Na wengi wamefanya hivyo. Tuchukue mfano wa mkulima mmoja wa maharage, ambaye tunamtunga kutokana na malalamiko mengi yanayofanana. Hana namba ya NIDA, kwa hiyo laini yake ilisajiliwa na shemeji yake. Kwa miaka mitatu hakuna tatizo. Anauza magunia yake, fedha inaingia kwenye simu, anaiacha humo kwa ajili ya karo ya Januari. Kisha simu inaibiwa kwenye basi la kwenda Kibondo. Anakwenda kurudishiwa laini, wakala anamwambia aweke kidole, na kidole kinakataa, kwa sababu mwenye laini ni shemeji. Shemeji yuko Dar es Salaam. Au amefariki. Au, na hili ndilo baya zaidi, yupo, ila wamegombana.

Fedha ni ya mkulima, jasho ni lake, majirani wote ni mashahidi, lakini katika kumbukumbu za mtandao yeye hayupo. Malalamiko ya aina hii ni magumu kuyatatua kuliko karibu yote tunayoyapokea, kwa sababu hakuna aliyevunja sheria kwa makusudi, na mtandao unaofuata taratibu hauwezi kumpa mtu fedha iliyo kwenye jina la mwingine. Tunaandika haya bila kumlaumu mkulima. Tunajua safari ya kutoka kijijini hadi ofisi ya usajili wilayani, na tunajua kwamba mkoa wa Kigoma, kwa kuwa unapakana na Burundi na ng'ambo ya ziwa iko Kongo, maombi hupitiwa kwa makini na Idara ya Uhamiaji kuthibitisha uraia. Kuna watu waliozaliwa Heru Juu, wazazi wao walizaliwa Heru Juu, na bado wameulizwa maswali juu ya babu. Uchunguzi una sababu zake. Uchovu wa anayechunguzwa nao ni wa kweli.

Ushauri wetu kwa aliye katika hali hiyo ni kwamba asikate tamaa katikati. Wazee hasa, ambao walizaliwa nyumbani na tarehe yao hukumbukwa kwa mvua au kwa njaa ya mwaka fulani, waanze kwa kukusanya karatasi walizo nazo: cheti cha ubatizo au cha ndoa kutoka parokiani, kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule ya msingi, kisha barua ya afisa mtendaji wa kijiji au mtaa. Karatasi hizo zitaje jina moja kwa herufi zile zile. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti na fomu imewarudisha watu wengi nyumbani. Ukishapeleka maombi, unaweza kuulizia namba yako kwa simu kupitia menyu ya *152*00# bila kusafiri.

Na siku utakapopata namba, kazi ya kwanza iwe kwenda wewe na yule aliyekusajilia, wote wawili, kwenye duka la mtandao wenu ili laini ihamishiwe jina lako. Fanyeni hivyo mkiwa bado mnasalimiana.

Kidole kilichosomwa mara mbili

Wapo mawakala wengi waaminifu, na maisha ya vijijini bila wao yangekuwa magumu. Lakini kuna hila moja ambayo kila mtumiaji aifahamu. Unaweka kidole, wakala anatikisa kichwa: "Haijasoma, weka tena." Unaweka tena. "Mtandao unasumbua, weka na kingine." Pengine ni kweli, maana vidole vya mkulima vimesuguliwa na jembe na mashine huvikataa. Pengine kila kidole kimesajili laini nyingine kwa jina lako, itakayouzwa kwa mtu usiyemjua, naye ataitumia kutuma ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Polisi wakiifuatilia namba hiyo, watafika kwako.

Usiogope, bali kagua. Bonyeza *106# kwenye simu yako, fuata maelekezo, uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako katika mtandao huo. Kama una laini za mitandao miwili, rudia kwa kila laini. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho katika duka la mtandao husika, si kwa wakala wa mwavuli, uikane na iondolewe. Kuhakiki huku hakulipiwi. Tulipofanya zoezi hili pamoja na kikundi cha akina mama baada ya gulio, ilichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, maana kila aliyemaliza alimshikia simu jirani yake asiyeona vizuri maandishi madogo.

Kwa wakala, msimame ana kwa ana, uone kioo cha kifaa chake. Akikwambia haijasoma, mwombe akuoneshe palipoandikwa hivyo. Kama kweli mtandao unasumbua, rudi siku nyingine, laini haiozi.

Ukionewa, sema kwa mpangilio

Kuulizwa umri kwa heshima si kosa. Lakini kuna mambo yanayofanywa kwa kisingizio cha umri au kitambulisho ambayo unayo haki ya kuyalalamikia: kutozwa ada ya kuhakikiwa, kadi kuzuiwa, taarifa zako kugawiwa kwa mtu mwingine, au kunyimwa huduma mara kwa mara kwa sababu ya kabila, lafudhi au ulemavu huku umri ukitajwa kama kifuniko. Kwa Kabanga hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa hapa wanaishi na kusoma watu wengi wenye ualbino, na macho yao yasipoona vizuri maandishi ya fomu haina maana kwamba hawawezi kujisainia. Mhudumu amsomee mteja fomu nzima, asimtafutie mdhamini kana kwamba ni mtoto.

Andika siku, saa, jina la duka au namba ya wakala, na maneno yaliyosemwa, kabla hujasahau. Anza na mwenye duka mwenyewe. Mengi huishia hapo. Ikiwa ni jambo la simu, lalamika kwanza kwa mtandao wako na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika, peleka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukiwa na namba hiyo mkononi, maana bila hiyo utaulizwa kama ulianzia kwa mtoa huduma. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040. Ikiwa taarifa zako zimetumiwa vibaya, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Ikiwa ni udanganyifu wa bidhaa au bei, Tume ya Ushindani. Na ikiwa umemwona muuzaji akiwauzia watoto pombe, mweleze mtendaji wa kijiji. Huhitaji kungoja awe mtoto wako.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuondoka Kabanga, mwenzetu alirudi kwa yule mama, safari hii kadi ikiwa mfukoni. Mama alimpokea kwa salamu ya Kiha, mwakeye, akaichukua kadi, akaitazama picha, akaitazama tarehe, akamrudishia bila kuandika popote. "Haya baba, chupa ngapi?" Mwenzetu akanunua maji ya kunywa njiani.